Ganzi ya ubavuni baada ya upasuaji wa tumbo: usiku mwema na alfajiri mbaya

Nimepasuliwa tumbo mara mbili katika mji huu wa Moshi. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 2011, nilipomzaa mwanangu wa mwisho, na mara ya pili mwaka 2024, nilipoondolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe ulionitesa kwa miaka. Mshono ulipita mahali pale pale mara zote mbili, kwa mlalo, vidole vichache juu ya kinena, hata daktari bingwa akatania kwamba amelima shamba lililokwisha kufyekwa. Kilichotofautiana ni namna maumivu yalivyotulizwa baada ya upasuaji, na hicho ndicho ninachotaka kukipima hapa, kwa kuwa mara ya pili nilipewa huduma ambayo sikuwa nimeisikia kabla: ganzi ya neva za ukuta wa tumbo, inayochomwa ubavuni kulia na kushoto mara tu upasuaji unapokamilika. Wenyewe wanaiita bloku. Hospitali sitaitaja jina, maana nina la kuisifu na nina la kuilalamikia, na lalamiko lenyewe sidhani kama ni la wodi ile peke yake.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa sekondari, kwa hiyo naomba nisamehewe nikitoa alama mapema. Sindano yenyewe, pamoja na maelezo niliyopewa kabla yake, naipa alama ya juu kabisa. Utunzaji wa maumivu uliofuata baada ya saa sita usiku naupa alama ya kufeli, na ningeutaka urudie mtihani.

Mwaka 2011 nilipewa pethidini kwa sindano ya msuli, mara kwa mara kadiri muuguzi alivyofika, na sikuona ajabu kwa kuwa kila mama wodini alipewa hiyo hiyo. Maumivu hayakwenda mbali, ila mimi mwenyewe nilikwenda mbali nayo. Nililala usingizi mzito usio na ndoto, na nilipoamka nilikuwa na kichefuchefu. Kutapika ukiwa na mshono mbichi wa tumbo ni jambo ambalo halijui ila lililomkuta. Mtoto alishikwa na mama mkwe siku nzima, na kila nilipojaribu kumpokea nilihisi mikono yangu ni ya mtu mwingine. Pethidini ni ya ukoo wa mofini, na dawa za ukoo huo hufanya kazi yake kwenye ubongo na uti wa mgongo, kwa hiyo huja na usingizi, kichefuchefu, mwasho wa ngozi na choo kigumu, na zikizidi kipimo hupunguza pumzi. Sizibezi, kwa maana kuna maumivu ambayo hayasikii dawa nyingine yoyote, lakini niliapa kwamba nikirudi chumba cha upasuaji nitauliza kama kuna njia ya pili.

Nilipouliza mwaka 2024, jibu lilikuja na kiti. Jioni ya kuamkia upasuaji, daktari wa usingizi, kijana wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani, aliniamkia kabla ya kufungua faili, akavuta kiti akakaa kando ya kitanda, akanieleza kwa muda ambao naukadiria kuwa robo saa. Alisema, "Mama, kesho utachomwa sindano ya mgongo, hutalala nusukaputi. Hiyo ya mgongo itakutosha kwa saa mbili au tatu, na ikiisha mshono utaanza kusema. Ndiyo maana nataka tukuwekee bloku kabla hujatoka mezani." Kisha akachora nyuma ya karatasi ya maabara.

Mchoro wake niuweke katika maneno. Ubavuni, kati ya mbavu za mwisho na mfupa wa nyonga, ukuta wa tumbo una misuli mitatu bapa iliyolaliana. Neva zinazopeleka habari za maumivu kutoka kwenye ngozi, misuli na utando unaofunika ukuta wa tumbo kwa ndani hutoka kwenye uti wa mgongo, kuanzia zile za chini za kifua hadi ile ya kwanza ya kiuno, zikazunguka ubavu na kuja mbele zikiwa zimepita katikati ya msuli wa pili na wa tatu. Ile inayohudumia usawa wa kitovu ni ya kumi ya kifua, na za chini yake ndizo zinazohusika na mshono kama wangu. Dawa ya ganzi ikiwekwa katika nafasi hiyo ya katikati huenea na kuzikuta neva kadhaa kwa pamoja zikiwa njiani, kabla hazijagawanyika kuelekea kwenye kidonda. Wataalamu wa usingizi huiita TAP, kifupi cha jina la Kiingereza la nafasi hiyo, transversus abdominis plane.

Nimekulia Kibosho, na mambo mawili ya nyumbani yalinisaidia kuelewa kuliko kitabu. La kwanza ni mgomba: shina lake ni maganda yaliyokumbatiana, na maji yakipata upenyo kati ya ganda na ganda huteremka na kusambaa humo humo bila kulowesha ganda la nje. Ndivyo dawa inavyosambaa kati ya misuli. La pili ni mfongo, ule mfereji wa wazee unaoleta maji kutoka mlimani. Anayetaka mashamba ya chini yakauke kwa siku moja haendi kuziba kila shamba, hupanda juu, na kwa majani ya mgomba na udongo akaziba pale maji yanapogawanywa. Kizibo cha namna hiyo hakidumu, na daktari hakunificha: ganzi ingeshika kwa saa kumi na mbili hivi, pengine zaidi, pengine pungufu, kisha maji yangerudi.

Alinieleza pia kile ambacho ganzi hii haifanyi, na kwa hilo namshukuru kuliko kwa yote mengine. Hutuliza maumivu ya ukuta, yaani ya mshono, misuli na utando wa ndani ya ukuta. Maumivu ya viungo vya ndani, yale ya kuvuta na kusokota mahali kizazi kilipokatwa, husafiri kwa njia nyingine ambayo sindano ya ubavuni haiifikii. Kwa sababu hiyo huwezi kuchomwa bloku ukaachwa bila dawa; lazima parasetamo ya gramu moja iendelee kila baada ya saa sita, na diklofenaki kwa mtu asiye na vidonda vya tumbo wala matatizo ya figo. Nilitia saini fomu ya ridhaa nikiwa nimeielewa, jambo ambalo mwaka 2011 sikulifanya. Wakati ule nilitia saini kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi.

Siku ya upasuaji, kila kitu kilikwenda kama alivyochora. Mshono ulipofungwa na pazia la kijani kuondolewa, alileta mashine ndogo ya altrasaundi, akanipaka jeli ubavuni. Naambiwa ilikuwa ya baridi. Mimi kuanzia chini ya kifua sikuwa na habari. Nilimwomba ageuze kioo nione, akageuza, na nikaiona ile misuli mitatu kama michirizi ya kijivu iliyotenganishwa na mistari myeupe. Sindano ilikuja kwa mshazari kama uzi mweupe, ikapita tabaka la kwanza, ikapita la pili, ikasimama. Akasukuma kwanza mililita moja au mbili kuona zinaelekea wapi, tabaka mbili zikaachana, na katikati pakafunguka nafasi nyeusi yenye umbo la jicho lililofumba nusu. "Hapo ndipo," akasema, na msaidizi wake akaendelea kusukuma polepole, akisimama kila baada ya mililita chache na kuvuta nyuma kuhakikisha kwamba damu hairudi kwenye bomba. Wakahamia upande wa pili. Kazi yote kwa jumla ilichukua kama dakika kumi, na nitasema bila aibu kwamba ni somo bora la anatomia nililopata tangu chuo.

Dawa ilikuwa bupivakaini ya asilimia 0.25, mililita 20 kila upande. Niliuliza hesabu, kwa kuwa hesabu hunituliza. Asilimia 0.25 ni miligramu 2.5 katika kila mililita, kwa hiyo mililita 40 hubeba miligramu 100. Nina kilo 70, na kikomo alichokitumia kilikuwa miligramu 2 kwa kila kilo ya mwili, yaani 140 kwangu. Hata ukijumlisha miligramu 15 zilizokwisha kuingia mgongoni, bado nafasi ilibaki. Hesabu hiyo si mapambo. Dawa hizi zikiingia kwenye damu kwa wingi huanza kwa ladha ya chuma mdomoni, ulimi kufa ganzi na masikio kuvuma, na mambo yakiharibika huleta degedege na kuusimamisha moyo. Dawa ya kuokolea ni mafuta meupe kama maziwa, ya asilimia 20, yanayoingizwa mshipani kwa haraka, na nilipouliza kama wanayo, muuguzi wa chumba cha upasuaji alifungua kabati akaniinulia chupa. Kwa nusu saa iliyofuata nilikuwa nikiuonja mdomo wangu mwenyewe nikitafuta chuma. Sikukipata. Lakini hospitali inayochoma ganzi bila kuwa na chupa ile karibu, mimi ningeomba pethidini yangu nikatapike salama.

Sasa niseme matokeo. Upasuaji uliisha saa sita mchana. Miguu ilianza kurudi saa tisa, na nilijikaza nikisubiri mshono useme, kama nilivyoukumbuka. Haukusema. Kulikuwa na uzito, kulikuwa na kule kuvuta kwa ndani nilikoonywa, kama hedhi mbaya ya ujana, lakini ule moto wa ngozi na misuli unaokukamata ukijigeuza haukuwapo. Saa kumi na mbili jioni nilikohoa. Mtu aliyepasuliwa tumbo anajua kwamba kikohozi ndicho mtihani; mwaka 2011 nilikizuia kikohozi hadi machozi yakanitoka, nikifunga khanga tumboni na kukandamiza mto. Safari hii niliweka kiganja juu ya mshono nikakohoa mara tatu, na mama wa kitanda cha jirani akageuka kunitazama kama aliyeona mwujiza.

Saa moja usiku muuguzi wa zamu ya jioni alitaka nikae na kusimama kando ya kitanda. Kabla ya kuniruhusu alinitaka niinue kila mguu ukiwa umenyooka na kuushikilia hewani. Nilidhani ni mazoezi, kumbe ni tahadhari: mara chache dawa huteremka hadi kwenye neva ya paja, na mgonjwa anayesimama kwa ujasiri goti likamlegea huanguka na mshono wake. Miguu yangu ilishika. Nikasimama, nikatembea hadi dirishani, nikarudi. Kichwa changu kilikuwa changu, na niliweza kuzungumza na mume wangu kwa simu bila ulimi kuburura. Kesho yake asubuhi walipopita kuuliza swali lile ambalo kila mgonjwa wa tumbo huulizwa mbele ya watu wazima wenzake, "Mama, umeshatoa hewa?", nilijibu ndiyo kwa heshima zote. Tumbo ambalo halijalewa mofini huamka mapema, na mtori wa mama mkwe, uliokuja katika hotipoti mara mbili ukarudishwa, nikaunywa mchana wa siku hiyo.

Hata hivyo, kati ya jioni ile na asubuhi ile kuna alfajiri ambayo lazima niieleze.

Parasetamo na diklofenaki nilipewa saa kumi na mbili jioni kama ilivyoandikwa. Dozi ya parasetamo iliyofuata ilikuwa ya saa sita usiku. Haikuja. Nilikuwa nimelala, na usingizi ulikuwa mtamu hasa kwa kuwa ganzi ilikuwa bado imeshika. Saa kumi alfajiri niliamshwa na mshono. Kwa wale ambao maumivu huwajia polepole baada ya upasuaji, hupata muda wa kuita. Mimi nilitoka kwenye kutohisi kitu hadi kwenye moto kamili nikiwa usingizini, na nilipofumbua macho sikuweza kujigeuza wala kuvuta pumzi ya kuita. Mama wa jirani ndiye aliyeita. Muuguzi wa zamu ya usiku, peke yake katika wodi iliyojaa, alikuja akaangalia karatasi ya dawa, akaniambia maneno ambayo sijaweza kuyakasirikia hadi leo: "Nilikukuta umelala vizuri, mama, nikaona nisikusumbue."

Akanipa vidonge, lakini vidonge vinavyomezwa wakati moto umeshika paa huchelewa. Baada ya nusu saa nilikuwa bado nauma khanga. Aliita daktari wa zamu, na aliyekuja hakuwa yule aliyechora mchoro, akaandika pethidini. Nikachomwa, na nusu saa baadaye nikatapika. Kwa hiyo nilikimbia pethidini kwa siku nzima, nikalipia kuikimbia, na ikanikuta saa kumi na moja alfajiri.

Nimelifikiria jambo hili sana, na sioni kosa la muuguzi yule kuwa la moyo. Katika malezi yetu mgonjwa aliyelala haamshwi. Kumwamsha mtu usingizini ili umpe dawa ya maumivu asiyoyahisi kunaonekana ukatili. Kwa dawa nyingine hilo halina madhara makubwa. Kwa bloku lina madhara, kwa sababu ganzi inapoisha hakuna anayegonga hodi, na vidonge vinapaswa kuwa vimekwisha kufanya kazi mwilini kabla ya saa hiyo kufika. Daktari wa usingizi alilijua hilo na alinieleza mimi. Hakuna ushahidi kwamba mtu yeyote alimweleza muuguzi wa usiku. Kwenye faili langu, ambalo niliruhusiwa kulitazama, bloku iliandikwa kwenye karatasi ya usingizi peke yake, ile inayofungwa nyuma. Karatasi ya dawa iliyo mbele, ambayo ndiyo muuguzi huitazama, haikuwa na neno juu yake, wala saa ilipochomwa, wala saa ilipotarajiwa kuisha. Mstari mmoja wa wino ungetosha.

Kuna jambo la pili dogo. Wodini huulizwa maumivu kwa namba, sifuri hadi kumi, na ni utaratibu mzuri, ila huulizwa ukiwa umelala chali bila kujitikisa. Kwa namna hiyo mtu aliyechomwa ganzi na asiyechomwa wanaweza kutaja namba moja, hasa sisi tuliofunzwa kwamba mwanamke mzima halalamiki. Mama wa jirani alijibu "tatu" akiwa ameshika vyuma vya kitanda kwa mikono yote miwili. Ukitaka ukweli, mwambie mgonjwa akohoe kwanza, kisha umwulize.

Je, ganzi hii inamfaa kila mtu? Hapana, na hapa naomba msomaji asichukue habari yangu kama kipimo cha wote. Njia yenyewe ni changa. Mwaka 2001 daktari wa usingizi aitwaye Rafi alieleza jinsi ya kuifikia nafasi ile kwa kupapasa pembetatu ya Petit, kishimo kidogo kilicho juu ya mfupa wa nyonga, bila mashine. Mwaka 2007 Hebbard na wenzake wakaeleza jinsi ya kuifanya kwa altrasaundi, na mwaka huo huo McDonnell na wenzake huko Ireland wakachapisha jaribio la wagonjwa 32 waliokatwa utumbo mpana, ambamo waliochomwa ganzi walitumia kama miligramu 22 za mofini kwa wastani katika saa 24 za kwanza, na wenzao kama 80. Tofauti hiyo ndiyo iliyowapa watu shauku. Majaribio yaliyofuata kwa aina nyingine za upasuaji mara nyingi yalipata faida ndogo kuliko hiyo, na mama aliyepewa mofini kidogo pamoja na sindano ya mgongo wakati wa kujifungua kwa upasuaji haongezewi mengi na bloku ya ubavuni. Mimi sikupewa mofini ya mgongo, hivyo faida yangu ilikuwa nono. Mwingine ataipata nyembamba.

Mahali pa mshono pia pana usemi. Ganzi ya ubavuni kama yangu hufaa mishono iliyo chini ya kitovu. Baba mmoja wa Same, aliyelazwa wodi ya wanaume na ambaye binti yake tulizoeana naye kwenye benchi la kliniki, alikuwa amepasuliwa kwa wima kuanzia chini ya kifua hadi chini ya kitovu baada ya kidonda cha tumbo kutoboka, na binti aliuliza kwa uchungu kwa nini baba yake hakupewa nilichopewa mimi. Kwa mshono wa namna ile dawa hutakiwa ichomwe kwingine, chini ya mbavu au nyuma ya misuli ya katikati ya tumbo, na wakati mwingine mrija mwembamba wa mgongoni unaoendelea kutia dawa kwa siku kadhaa hufaa zaidi, ingawa mrija huo unaweza kushusha presha na unataka mgonjwa achunguzwe muda wote. Mtu aliyefika usiku akiwa mahututi, tena anayehitaji damu, hana nafasi ya kuchagua. Lakini swali la binti yule lilikuwa la haki, na lilistahili kujibiwa na daktari, si na mwalimu wa baiolojia mwenye mshono.

Kuhusu gharama, nitakuwa mfupi. Bima yangu ilikubali upasuaji, lakini bloku iliandikwa kwenye ankara kwa mstari wake peke yake na nikailipa mfukoni, kiasi ambacho kwangu kinalingana na nauli ya basi ya kwenda Dar es Salaam na kurudi. Sikuona ni ghali kwa saa kumi na sita za kuwa na akili zangu. Niliona ni ghali kwa huduma iliyoachwa njiani, na nilimwambia mhasibu hivyo, naye akanielekeza kwa muuguzi mkuu wa wodi. Huyo alinisikiliza. Alinipa karatasi niandike malalamiko, nikaandika kurasa mbili, na siku ya kutolewa nyuzi daktari wa usingizi alinitafuta kliniki na kuniambia kwamba ameisoma. Hakujitetea. Alisema siku hizi anaandika saa ya bloku kwenye karatasi ya dawa kwa kalamu nyekundu. Sijarudi wodini kuona, kwa hiyo namnukuu tu.

Mdogo wangu anayeishi Arusha atafanyiwa upasuaji wa henia ya kitovu mwezi ujao, katika hospitali nyingine, na amenipigia simu mara tatu kuuliza. Nimemwambia aombe ganzi, na aeleze kwamba mshono wake utakuwa katikati, kwa hiyo aulize kuhusu ile ya nyuma ya misuli ya katikati badala ya ile ya ubavuni. Aulize kama chupa ya mafuta meupe ipo. Aulize ganzi itaisha saa ngapi, kisha amwambie muuguzi wa usiku kwa mdomo wake mwenyewe, hata kama imeandikwa. Mimi ndiye nitakayelala naye. Nimekwisha kuweka kengele ya simu ilie saa tano na nusu usiku, na kama nitamkuta amelala usingizi mtamu, nitamwamsha.